"O.K." na Uzushi Wetu Darasani

Mwalimu wa Kiswahili amalizapo kusahihisha daftari, mara nyingi huandika pembeni, kwa wino mwekundu, "O.K." Mwanafunzi akiuliza maana ya herufi hizo, mwalimu hakosi hadithi: eti katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, siku ambayo hakuna askari aliyeuawa, iliandikwa ubaoni sifuri na herufi K. Darasa hufurahi. Nasi twasema: huo ni uzushi.

Vita hivyo vilianza mwaka 1861. Neno lenyewe lilikwisha pigwa chapa katika gazeti la Boston Morning Post la tarehe 23 Machi, 1839. Je, mtoto humtangulia mamaye kuzaliwa? Mtaalamu Allen Walker Read alionyesha, katika makala zake za 1963 na 1964, kwamba waandishi wa magazeti wa siku hizo walikuwa na mzaha wa kufupisha maneno baada ya kuyaendeleza vibaya kwa makusudi. "All correct", yaani "yote sahihi", waliigeuza "oll korrect". Mizaha mingi ya namna hiyo ilikufa. Huu uliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, aligombea tena, na wafuasi wake, waliomwita "Old Kinderhook", wakazitumia herufi zile zile. Van Buren alishindwa, neno likashinda.

Wako wenzetu wanaoshikilia kwamba neno hili latoka katika Kiwolof, likavushwa bahari na watumwa. Dai hilo latupendeza sisi Waafrika, lakini kupendeza si ushahidi, na kufanana kwa sauti pekee hakutoshi. Tukiridhika na hoja nyepesi kwa kuwa yatusifu, tutamjibu nini yule asemaye kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichoharibika, kwa sababu tu "sawa" na "sahihi" yana asili ya Kiarabu? Mizani iwe moja.

Basi, ndugu walimu, tukiulizwa asili ya neno, tudai tarehe na maandishi. Tusipokuwa nayo, tuseme hatujui. Hakuna fedheha katika kutojua. Na katika madaftari yetu tuandike "vema" au "sahihi". Ni kichekesho kuithibitisha kazi isiyo na kosa kwa herufi mbili ambazo zote mbili ni makosa.