Staa, Jiwe na .22: Bunduki ya Picha Sio Bunduki ya Kazi

Kuna staa mmoja mwenye asili ya Mara, jina lake libaki kapuni, ambaye alishuka nyumbani kula bata na ameondoka ameacha gumzo. Aliposti picha amesimama juu ya jiwe pale ufukweni Musoma, miwani ya jua, cheni shingoni, na begani bunduki nyembamba yenye darubini. Chini akaandika kwamba hiyo ndo dawa ya tembo wa Bunda. Laiki zikamiminika, na kwenye komenti vijana wakauliza kitu kimoja tu: bei gani?

Sasa, kwa anayejua, bunduki ile ni .22, mojawapo ya ndogo kabisa kwenye familia ya raifo. Sio dawa ya tembo. Hata fisi anayevizia mbuzi usiku kule Butiama sio saizi yake. Risasi ya kawaida ya .22 ina uzito wa gramu 2.6 hivi. Risasi ya .375, ambayo wawindaji wa wanyama wakubwa huihesabu kama pa kuanzia, mara nyingi ina gramu 19 na kitu. Tembo akipigwa na .22 hafi, anakasirika. Na atakayemkuta amekasirika sio staa, maana staa keshapanda ndege kurudi Dar. Ni mama wa Kunzugu anayelala shambani kulinda mahindi, au mtoto anayewahi shule asubuhi.

Watu wa vijiji vinavyopakana na Serengeti wanalijua hilo kuliko mtu yeyote mwenye cheni. Wao wanatumia tochi, makelele, mabati na pilipili, na wanaita askari wa wanyamapori. Shamba likiliwa kuna kifuta jasho, mtu akiumizwa au kuuawa kuna kifuta machozi, na malalamiko kuhusu hela hizo ni mengi na mengine ni ya haki kabisa. Lakini hayo ni mambo ya kudai ofisini. Anayempiga mnyama bila kibali anaitwa jangili, hata kama mahindi yaliyoliwa ni ya kwake. Kwahiyo ile picha, zaidi ya kuwa kiki, ni ushauri mbaya kwa watu wenye shida ya kweli.

Haina maana .22 ni takataka. Kwa kazi yake ni bunduki ya akili sana: kulenga shabaha, kujifunza kupiga bila bega kuuma, kumpumzisha mfugo aliyevunjika asiyepona, au kanga na sungura kwa mwenye kibali cha kuwinda. Kelele yake ndogo, na risasi zake kwa kawaida ni za bei nafuu kuliko za raifo kubwa. Ndo maana hata Olimpiki wanaitumia kwenye shabaha ya mita 50.

Mtu mwenye sababu ya kweli anachaguaje? Hapa mastaa wanapotosha tena, maana wao wanapenda ile inayojikoki yenyewe, inayotema risasi kumi kabla hujameza mate. Ruger 10/22 ya Marekani, iliyotoka mwaka 1964, ni maarufu kwa hilo na ni bunduki nzuri. Ila bunduki za aina hiyo zinategemea nguvu ya risasi yenyewe ili zijikoki, na ukizilisha risasi dhaifu au chafu zinakwama. Kwa mtu wa Musoma au Bunda mwenye bajeti ya kubana, ya kukoki kwa mkono ndo mpango mzima. Ina vitu vichache vya kuharibika, haichagui sana chakula, na inamfundisha mtu kutulia. CZ za Jamhuri ya Cheki, na kabla yao Brno, zimejijengea jina zuri kwa kazi hiyo. Brno iliyotunzwa na mzee mmoja kwa miaka thelathini inaweza kuwa bora kuliko mpya ya ajabu ajabu.

Iliyotumika ikaguliwe kwa macho makavu. Kwanza ihakikishwe haina risasi, kisha mwanga upitishwe kwenye mtutu: ndani pawe panang'aa, pasiwe na vishimo vya kutu. Unyevu wa ziwa hauna huruma na chuma. Magazini iwepo na ya akiba ipatikane, maana bunduki nzuri isiyo na magazini ni fimbo. Darubini ije mwisho kabisa. Hela ya darubini bora iende kwenye risasi za mazoezi.

Kwenye risasi ndo penye siri. Kwenye .22, dawa ya kuwasha baruti imo ndani ya ukingo wa ganda, na pini inagonga ukingo, sio katikati. Ndo maana ni rahisi kutengeneza, na ndo maana zinagoma mara nyingi kuliko risasi kubwa. Ikigoma, mtutu ubaki umeelekezwa sehemu salama kwa nusu dakika kabla ya kufungua, maana nyingine zinachelewa kulipuka. Ganda likishapigwa halijazwi tena. Kila bunduki pia ina risasi inayoipenda: anunue pakiti ya 50 ya kampuni moja na ya 50 ya kampuni nyingine, apige shabaha, aone zipi zinakaa pamoja. Sio lazima ziwe za bei mbaya.

Turudi kwenye lile jiwe, maana hapo staa alijiachia kweli. Risasi ya .22 ni risasi laini, haina mwendo mkali kama ya raifo kubwa, na ikigonga jiwe au maji inadunda na kwenda inakotaka. Inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Musoma ni mawe na maji, bana! Mbele ya picha ile kuna mitumbwi ya wavuvi. Anayetaka kupiga atafute sehemu yenye kingo ya udongo nyuma ya shabaha. Na wale waliopita JKT Rwamkoma wasijione wamemaliza; kule kulikuwa na uwanja, mkufunzi na amri.

Halafu leseni. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kushika silaha bila leseni ni kosa la jinai, na leseni haiazimwi kama jezi. Kama bunduki ya kwenye picha ni ya staa mwenyewe na ana karatasi zake, sawa. Kama aliazima kwa mjomba ili apate laiki, basi amejipigia picha ya ushahidi. Kijana wa kawaida ataanzia serikali ya mtaa au kijiji, kisha polisi, na ataulizwa ya nini. "Nimeona kwa staa" sio jibu. Ajipange pia kwa ada za leseni, kabati la chuma lenye kufuli, mafuta na brashi ya mtutu. Vikijumlishwa vyote, wengi watagundua wanachohitaji ni geti imara na mbwa wawili.

Na kuna wanaonong'ona kwamba njia ya mkato ni gobore la fundi wa kijijini. Gobore lisilosajiliwa ni kesi, na la bomba la maji linaweza kupasukia usoni kwa mpigaji. Mwaka 2023 serikali ilitoa msamaha wa miezi miwili, Septemba na Oktoba, kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari. Dirisha lile lilifungwa, na fundi wa gobore hatakwenda mahakamani kumtetea mteja wake.