Santuri ya Kale Haina Kosa

Mtu wa Pwani aliyeko Garissa hutoa santuri kuukuu sandukuni, akaunganisha kinanda chake na redio ya stereo ya zamani, akasikia sauti nyembamba kama ya mbu. Hapo hukumu huwa moja: santuri imekufa! Mimi nasema hiyo si haki. Kosa ni la tundu, si la mwimbaji.

Sindano ya sumaku hutoa umeme mdogo mno, kiasi cha milivolti 5. Mashine ya kaseti hutoa mara nyingi zaidi. Ndiyo maana redio za kale zilitengewa tundu la PHONO. Humo sauti hukuzwa, na besi iliyopunguzwa santuri ilipokatwa hurudishwa. Tundu la AUX haliifanyi kazi hiyo, ila kinanda kikiwa na kikuzasauti chake ndani. Na ule waya mwembamba wa ardhi ufungwe kwenye skrubu ya redio, mvumo unyamaze.

Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 ili Kiswahili kiimbwe santurini. Mombasa nayo, Assanand walitoa taarabu zetu kwa chapa ya Mzuri. Hizo ni amana. Joto la Garissa huzipinda na mchanga huzikwaruza; basi zisimamishwe wima kivulini, zipanguswe vumbi. Tusiziongezee dhuluma ya kuzitupa kabla ya kuzisikiliza sawasawa. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.