Mbegu ya Asili Haijashindwa

Imeota mizizi mijini mwetu imani kwamba mbegu ya asili ni ya mkulima aliyekosa fedha: haizai, haihimili magonjwa, imepitwa na wakati. Mtu akitaka kuanzisha bustani ya ndoo barazani, ushauri wa kwanza anaopewa ni aende duka la pembejeo, anunue chotara na kuachana na vya kienyeji. Wanaoutoa wana nia njema, lakini ushauri wenyewe ni mbovu, na umewavunja moyo wengi kabla hawajachuma hata fungu moja la mchicha.

Chotara ina kazi yake, na sitaikana. Mkulima wa Ilula anayejaza matenga ya nyanya anahitaji matunda yanayolingana, yenye ngozi ya kustahimili safari ya lori, na aina inayohimili mnyauko. Hesabu zake ni za tani kwa ekari. Lakini mtu wa Manzese mwenye ndoo sita hana lori wala dalali. Anataka mboga ya kuchuma leo, kesho na wiki ijayo, kwa gharama anayoimudu. Kumpimia kwa kipimo cha mkulima wa Ilula ni kumpoteza njia.

Tena kuna jambo ambalo hawamwambii. Chotara ni kizazi cha kwanza cha wazazi wawili tofauti. Ukitunza mbegu zake na kuzipanda, sifa zinatawanyika: mche huu unatoa matunda makubwa, ule madogo, na ile kinga uliyoilipia huenda isionekane tena. Ukitaka nyanya ileile, sharti urudi dukani. Mbegu ya asili, isipochanganyika na aina nyingine, huzaa mmea unaofanana na mama yake, na ua la nyanya kwa kawaida hujichavusha lenyewe, kwa hiyo hata baraza dogo linatosha kuitunza aina. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mwenye ndoo sita hana sababu ya kutegemea.

Kuitunza mbegu hakuhitaji chuo. Chagua tunda la nyanya lililoiva vizuri kwenye mche wenye afya kuliko yote, na usilile. Kamulia mbegu kwenye kikombe pamoja na maji yake, uache siku mbili au tatu mpaka utando ufanyike juu na ule utelezi unaozizunguka uachie. Osha kwenye chujio, kisha anika kivulini juu ya sahani. Kwenye karatasi zitagandia. Zikikauka kabisa, tia kwenye bahasha, andika aina na tarehe, weka mahali pakavu pasipo joto. Tunda moja linakupa mbegu nyingi kuliko ndoo ulizo nazo.

Watasema: tulijaribu, hazikuota. Mara nyingi kosa halikuwa la mbegu. Mbegu ya mgagani iliyovunwa karibuni huwa imelala. Ukiipanda papo hapo zinachomoza chache tu, ukiitunza pakavu miezi kadhaa inaamka. Mbegu ya mchicha ni ndogo mno, na anayeifukia kina cha kidole ameizika. Ichanganye na mchanga mkavu, inyunyize, ifunike kwa udongo kidogo sana, na baada ya wiki tatu au nne utakuwa unachuma. Nyanya ipewe ndoo ya lita 20, lakini mchicha unaridhika na beseni lenye kina cha sentimita 20. Changanya udongo na samadi iliyooza na mchanga kidogo, na utoboe chini ili maji yatoke, kwani kwenye ndoo isiyo na tundu hata mbegu ya bei kubwa huoza mizizi.

Kosa jingine ni kudhani kwamba asili na sayansi ni mahasimu. Nyanya ya Tengeru 97, iliyotoka kwa watafiti wa mboga wa Tengeru, Arusha, si chotara. Mbegu zake unazitunza mwenyewe. Kenya, Profesa Mary Abukutsa-Onyango ametumia miongo ya utafiti kuonyesha thamani ya lishe iliyomo kwenye mnavu, mgagani na kunde, mboga zilizokuwa zikidharauliwa kama chakula cha maskini. Na si kila pakiti ya dukani ni chotara. Cal J, Rio Grande na Moneymaker si chotara. Soma pakiti: ikiandikwa F1, ujue mbegu zake hazitakurudishia mmea uleule.

Kuidharau mbegu ya asili kuna madhara nje ya baraza pia. Kenya, sheria ya mbegu iliyorekebishwa mwaka 2012 ilifikia kumtishia kifungo mkulima anayeuza au kubadilishana na jirani mbegu zisizothibitishwa. Wakulima walikwenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Jamii ikishakubali kwamba mbegu ya bibi haina thamani, haishtuki sheria inapomnyang'anya bibi haki ya kumgawia jirani. Na aina ambayo hakuna anayeipanda hupotea, kwa kuwa mbegu haidumu milele ndani ya kibuyu.

Kwa hiyo anayeanza aanze na mchicha, mnavu na nyanya ya kienyeji. Aombe mbegu kwa mama muuza mboga au kwa ndugu walio kijijini, na katika kila ndoo ya mboga za majani aache mche mmoja ukomae bila kuchumwa, uzae mbegu. Nanyi maofisa ugani, wauza pembejeo na wote mnaofundisha kilimo cha mjini, mwambieni ukweli wote kabla hajatoa fedha: chotara ataihitaji upya kila msimu, na mbegu ya asili akiitunza vizuri ataipanda mwakani na kumgawia jirani. Akishayajua hayo, achague mwenyewe.