GB 12 za nini jamani?

Wadau, macOS ni Unix ya kibiashara. Leopard ya 2007 ilipewa hata cheti cha UNIX 03. Ilijigamba kwa mambo mapya zaidi ya 300, ikadai GB 9 za diski. Mwaka 2009, kebo za SEACOM na TEAMS zikiwa zimeshatua Mombasa, Snow Leopard ikadai GB 5 tu. Kumbe kupungua kunawezekana! Sasa mbona Big Sur ya 2020, kuishusha tu ni GB 12 hivi? Mtu wa Msambweni aunguze bando lote la simu, apewe mchezo wa sataranji (asanteni sana), halafu kompaila haimo, aishushe kando! Debian wana kisakinishi kisichofika GB 1, mengine unachagua mwenyewe. Apple nao watuachie tuchague.