Usinunue Stika: Laptopu za Mtumba Baada ya Windows 10

Tangu Oktoba 2025 naulizwa swali moja na watu wengi wa huku kwetu, kuanzia Kwanza hadi Kitale na hata Bungoma: "Laptopu yangu imekataa Windows 11, sasa niitupe?" Wengine huuliza kwa upande wa pili: "Nina pesa kidogo za mahindi, ninunue laptopu gani nijifunze kuandika programu?" Kwangu mimi haya ni swali moja, na leo nalijibu kwa urefu kwa sababu naona watu wakipoteza pesa bure.

Jibu kwa ufupi ni hili. Usitupe. Na kama unanunua, usidanganywe na stika. Nunua mashine ambayo wewe mwenyewe au fundi wa mtaani anaweza kuifungua na kuitengeneza, kisha uiwekee mfumo endeshi ambao uhai wake hauamuliwi na kampuni moja. Sasa nieleze kwa nini.

Nini kilitokea?

Windows 10 ilitoka mwaka 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuitolea viraka vya usalama, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha kwa muda wa ziada, ambao kwa watu binafsi ulipangiwa kuisha Oktoba 2026. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Ziliwaka asubuhi kama kawaida, na ndiyo maana watu wengi hawakushtuka.

Lakini shida ya mfumo usio na viraka huwa haionekani mpaka siku inapokupata. Kumbukeni WannaCry ya Mei 2017. Kile kirusi kilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 100 na kudai malipo. Kiraka cha kuziba tundu kilichotumia kilikuwa kimetoka Machi mwaka huo huo, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimewekewa kiraka. Sasa fikiria mashine ambayo kiraka chake hakitakuja kamwe, nayo ndiyo unayotumia kuingia benki, eCitizen na HELB.

Kwa nini basi watu wasihamie Windows 11 tu? Kwa sababu Windows 11 ina masharti. Inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel inakubali prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache sana za kizazi cha 7. Kizazi cha 8 kilianza kutoka mwaka 2017. Maana yake ni kwamba laptopu ya ofisi iliyotengenezwa 2016, nzima kabisa, yenye kioo kizuri na kibodi imara, ilitolewa kwenye orodha. Kampuni za Ulaya zikaendelea kuziondoa mashine hizo, na nyingi huishia kwenye maduka yetu zikiitwa ex-UK.

Kwa hiyo mashine haijafa. Kilichokufa ni ahadi ya aliyetengeneza programu yake. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

Stika ya i7

Nenda duka lolote la laptopu za mtumba, iwe Luthuli Avenue pale Nairobi au Kitale mjini, utasikia: "Boss wangu, chukua hii, hii ni i7." Mteja anafurahi, analipa zaidi, anaenda nyumbani.

Ngoja nikupe mfano mmoja. Kuna prosesa ya i7-7500U na kuna ya i5-8250U. Ya kwanza ina viini viwili. Ya pili, ingawa ni "i5 tu", ina viini vinne. Kwa kazi nyingi za kuandika na kukusanya programu, ile i5 itaiacha ile i7 nyuma. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: 7 kwa ile, 8 kwa hii. (Zikiwa tarakimu tano, kama 10210, soma mbili za kwanza.) Herufi U inakuambia ni prosesa ya kutumia umeme kidogo. Stika iliyobandikwa karibu na kibodi kwa kawaida haikuambii haya yote. Inakuambia i7 tu.

Mkulima wa Kwanza hanunui mbegu kwa picha ya mhindi iliyo kwenye mfuko. Anajua H614 ni mbegu ya nyanda za juu na inachukua muda mrefu shambani, na ndugu yake anayelima sehemu ya joto huko chini hawezi kuiga tu. Anauliza shamba liko wapi kwanza. Ajabu ni kwamba mkulima huyo huyo akienda kumnunulia mtoto wa chuo laptopu, haulizi kitu!

Kuna ujanja mwingine wa dukani. Muuzaji anakuambia "hii iko na Windows 11", unaangalia na kweli unaiona. Lakini ukitazama prosesa, ni ya kizazi cha 6. Hapo ujue masharti yamerukwa kwa nguvu, jambo ambalo fundi yeyote anaweza kulifanya kwa dakika chache. Itafanya kazi, ila Microsoft wamesema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina hakikisho la kupata masasisho. Umelipa bei ya Windows 11 bila kupata kile ambacho Windows 11 ipo kukupa.

Nakagua nini mimi?

Nikienda dukani nabeba flashi yenye Linux. Naomba muuzaji ruhusa, nawasha mashine kutoka kwa flashi bila kugusa diski yake, kisha napima. Akikataa, namshukuru na kwenda duka la pili. Mambo ninayoangalia ni haya:

1. RAM, na kama inaongezeka. GB 8 ndiyo mwanzo. Ukitaka kutumia Android Studio kwa raha tafuta 16. Lakini muhimu zaidi, je, kuna nafasi ya kuchomeka nyingine au imechomelewa kwenye ubao? ThinkPad T480 ina nafasi mbili za RAM, EliteBook 840 G3 vilevile. Laptopu nyingi nyembamba za kupendeza zimechomelewa, na ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho.

2. Diski. Iwe SSD. Kama ni ile ya zamani ya kuzunguka, hesabu gharama ya kuibadilisha ndani ya bei. Hakuna badiliko moja linalofufua mashine ya zamani kama hili.

3. Betri. Kwenye Windows andika amri ya powercfg /batteryreport, nayo itakupa uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Ikiwa imebaki nusu, bei nayo ipungue.

4. BIOS. Ingia ndani ya BIOS kabla ya kulipa. Ikiomba nywila ambayo muuzaji haijui, rudisha pesa mfukoni. Mashine za kampuni hufungwa huko, na kufungua ni shughuli nzito.

5. WiFi, sauti, kamera, kila kitufe cha kibodi, kila tundu la USB. Jaribu vyote. Usione haya, pesa ni zako.

Watu huniuliza kama si heri kununua mpya. Inategemea mpya gani. Laptopu mpya za bei ya chini kabisa mara nyingi huwa na Celeron ya viini viwili, RAM ya GB 4 iliyochomelewa, na hifadhi ya GB 64 iliyochomelewa pia. Hiyo ni mpya siku ya kwanza tu. Baada ya mwaka mmoja haiongezeki wala haitengenezeki. Mashine ya ofisi ya 2018 iliyotunzwa inaishinda mbali.

Na kompyuta za mezani? Kwa pesa zile zile utapata nguvu zaidi, hilo sibishi. Lakini sisi tunaishi mahali ambapo mvua ikinyesha jioni stima nayo inaweza kwenda. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani. Ukiwa na kompyuta ya mezani itabidi ununue UPS, na betri ya UPS nayo huzeeka. Ndiyo maana naipenda T480: ina betri mbili, moja ndani na moja nje, na ile ya nje unaweza kuichomoa na kuweka nyingine bila kuzima mashine. Pia inachaji kwa USB-C, hivyo mwenye sola nyumbani anaweza kupanga mambo yake.

Tuje kwenye mfumo

Hapa ndipo wengine watanikasirikia. Kama mashine yako ni ya kizazi cha 6 au 7, weka Linux. Usibaki na Windows 10 isiyo na viraka.

Linux si kitu kigeni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, kabla Microsoft hawajatoa sura ya Kiswahili ya programu zao. Liliwezekana kwa sababu programu huria hazihitaji kuomba ruhusa. Msimbo upo wazi, ukitaka Kiswahili unakaa chini na kukitia. Kwa mtu anayejifunza, hilo ni shule yenyewe.

Kwa anayeanza napendekeza Linux Mint. Toleo la 22 lilitoka 2024 na limeahidiwa viraka hadi 2029. Kwa mashine dhaifu chukua ile yenye Xfce. Faili lake la kuanzishia ni karibu GB 3, kwa hiyo usilipakue kwa bando la simu. Mwombe mwenzako aliye Kibabii au Kitale National Polytechnic akuwekee kwenye flashi. Flashi moja ikishatengenezwa inatosha kijiji kizima, na kugawa ni halali kabisa.

Zingatia hilo neno halali. Huku kwetu Windows na Office nyingi huwashwa kwa programu za kuvunja leseni, na fundi hukuambia uzime kwanza kizuia virusi ndipo aiwashe. Jiulize kwa nini lazima uzime mlinzi ndipo mgeni aingie! Tena mara nyingi hakuna haja. Laptopu za ofisi za enzi ya Windows 8 kuja huku kwa kawaida zina leseni iliyohifadhiwa ndani ya BIOS yenyewe. Ukiiweka upya Windows ya aina ile ile kutoka kwa Microsoft, inajitambua. Mashine ya kizazi cha 8 iliyokuja na Windows 10 inapandishwa hadi 11 bila malipo.

Sisemi kila mtu aende Linux. Kama kazi yako ni Photoshop, au mwajiri wako anatumia QuickBooks ya kompyuta, au una lahajedwali za Excel zilizojaa makro, LibreOffice itakusumbua na utanilaumu. Wewe nunua kizazi cha 8 au zaidi, uweke Windows 11 halali, uendelee na kazi. Ongeza akiba kidogo ufike huko badala ya kununua kizazi cha 6 na kukilazimisha. Na mwenye michezo mikubwa ya kompyuta pia aangalie kwanza, kwa sababu baadhi ya michezo ya mtandaoni hukataa Linux kwa makusudi.

Lakini mwanafunzi anayejifunza Python, PHP, Java au tovuti, mwalimu anayeandika mitihani, mwenye saiba anayechapisha barua, hao hawana sababu ya kutupa mashine. Mimi nina shahada ya sayansi ya kompyuta na naandika programu kila siku, na mashine ninazoandikia ni za mtumba. Seva ambazo programu zangu huendeshwa ni Linux pia, hivyo ninachojifunza mezani ndicho ninachokutana nacho kazini.

Kuna jambo moja la mwisho, nalo si la kiufundi. Laptopu kwa familia nyingi za Trans Nzoia ni magunia ya mahindi. Mzazi ameuza, amempa mtoto, hatauza tena mwaka huu. Mashine hiyo ikikwama muhula wa pili, mtoto anabaki kuomba kompyuta ya rafiki usiku wa manane. Kwa hiyo ewe unayejua mambo haya kidogo, jirani akikuambia anaenda kununua, usimpe jina la laptopu tu. Funga safari naye, beba flashi yako, na muingie dukani pamoja. Na aliye na mashine ya zamani iliyokataa Windows 11, mwambie ailete kabla hajamuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu.