Msiwaachishe Wagonjwa wa Kisukari Vidonge Vyao kwa Jina la Sunna



Ndugu wasomaji, akina baba na akina mama, leo nitasema maneno ambayo huenda yakawachukiza baadhi ya jamaa tunaoswali nao safu moja. Nimeyaweka moyoni miezi kadhaa, na sasa naona kuendelea kunyamaza ni kushiriki.

Mwaka jana, baada ya swala ya Ijumaa katika msikiti mmoja hapa Kampala, shangazi yangu alirudi nyumbani na chupa mbili ndani ya kavera nyeusi. Moja ilikuwa ya mafuta ya habasoda. Nyingine ilikuwa ya vidonge vya rangi ya udongo, ina picha ya ngamia na maandishi ya Kiarabu, haina jina la kiwanda wala orodha ya vilivyomo ndani. Zote mbili zilimgharimu shilingi 150,000. Aliyemuuzia ni kijana mwenye kanzu safi na kipaza sauti, anayekaa kwenye ngazi za msikiti. Alimwambia hii ni tiba ya Mtume (S.A.W.), inakata sukari kabisa, na vile vidonge vya hospitali vinaua figo, aviache. Shangazi alikuwa akitumia metformini kwa miaka tisa. Akaviacha.

Kiu ilianza, kisha kuamka usiku mara tano kwenda chooni, kisha kidonda kidogo mguuni kilichotokana na kiatu. Tulipomfikisha hospitali kipimo kilisoma 27, ilhali mtu ambaye hajala kitu akifika 7 tu madaktari huanza kuita kisukari. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikatwa. Alhamdulillah yu hai na anatembea.

Nikamwendea yule kijana. Sikwenda kugombana, nilitaka ajue. Unajua alinijibu nini? Kwamba shangazi hakuwa na yakini, kwani tiba ya Mtume haimfai mwenye shaka.

Mama wa miaka sitini na kitu, haikosi tahajudi, amekatwa vidole, halafu anaambiwa imani yake ndiyo iliyopungua! Neno hilo ndilo lililonikalisha kuandika.

Kwanza niweke wazi ili nisije nikasingiziwa. Hadithi ya habasoda ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na mimi siipingi. Nyumbani kwangu habasoda haikosekani jikoni. Lakini hadithi hiyo inasema ndani ya mbegu ile mna shifaa. Haisemi mgonjwa aache tiba nyingine. Wanavyuoni waliifafanua zamani kabla hospitali hizi hazijajengwa. Al-Khattabi, aliyefariki mwaka 388 Hijria, alieleza kwamba tamko lake ni la jumla lakini makusudio yake ni maradhi maalumu, wala si kila ugonjwa kwa kila mtu kwa namna yoyote. Na ipo hadithi nyingine katika Sunan Abu Dawud ambayo sijawahi kumsikia muuzaji hata mmoja akiitaja kwenye kipaza sauti chake. Maana yake ni kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kwa elimu hiyo, basi madhara yakitokea dhamana ni juu yake. Je, kijana wetu amewahi kuisoma? Na vile vidole viwili, nani mdhamini wake?

Pili, wanapenda kutuambia kwamba hata wazungu wamekiri. Utafiti upo kweli, ila wanaukata katikati. Mmoja unaotajwa sana ulifanyika Saudi Arabia na kuchapishwa mwaka 2010 na Bamosa na wenzake. Walichukua wagonjwa 94 wa kisukari cha ukubwani, wakawagawa makundi matatu, wakawapa habasoda iliyosagwa: gramu 1, gramu 2 au gramu 3 kwa siku, kwa miezi mitatu. Gramu 1 haikuleta tofauti ya kutegemewa. Gramu 2 ilishusha sukari vizuri. Gramu 3 haikuongeza faida yoyote juu ya ile ya gramu 2. Ni habari njema, mashallah. Lakini wagonjwa wote 94 waliendelea kumeza vidonge vyao vya hospitali muda wote. Habasoda iliongezwa juu ya dawa, haikuwekwa mahali pa dawa. Hapo ndipo wauzaji wanapopiga mkasi. Tena gramu 2 ni chini ya kijiko kimoja cha chai, mbegu zinazouzwa sokoni kwa bei ya kawaida. Hiyo 150,000 inalipia nini?

Na hayo ya figo? Metformini hupunguzwa au kusimamishwa figo zikishaharibika, kwa sababu figo ndizo zinazoitoa mwilini. Watu wanaona daktari anaisimamisha, wanadhani ndiyo iliyoharibu. Kinachoharibu figo za mgonjwa ni sukari iliyopanda miaka na miaka pamoja na presha. Isitoshe, metformini yenyewe asili yake ni mmea! Kuna jani liitwalo galega lililotumiwa Ulaya tangu zamani, na uchunguzi wa viini vyake ndio uliozaa dawa hii, ambayo daktari Mfaransa Jean Sterne alianza kuwapa wagonjwa wa kisukari miaka ya 1950. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 1998, wagonjwa wanene waliopewa metformini walikufa wachache kwa asilimia 36 kuliko waliotegemea chakula peke yake. Basi tukiambiwa tuchague kati ya majani na kemikali, tunadanganywa hata katika swali.

Vile vidonge vya rangi ya udongo ndivyo vinavyonitisha zaidi. Mwaka 2008 huko Singapore watu 150 wasio na kisukari waliingizwa hospitali ndani ya miezi mitano sukari zao zikiwa zimeporomoka vibaya. Wengi wao walikuwa wamemeza vidonge vya kuongeza nguvu za kiume, vingine vikiuzwa kama dawa za mitishamba, na ndani yake mlikuwa na glibenklamidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari. Saba walipoteza fahamu, wanne wakafa. Kwa hiyo ukisikia jirani anasema kile kidonge cha asili kinashusha sukari siku ile ile, usikimbilie kusema subhanallah. Uliza kimo nini. Tuna Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, tangu 1993, na dawa za miti shamba nazo zinatakiwa kuandikishwa huko. Muulize muuzaji namba yake.

Asali nitaigusa kidogo tu. Aya ya 69 ya Suratun-Nahl tunaijua sote. Lakini zaidi ya robo tatu ya asali ni sukari, na mwenye kisukari akinywa kikombe kila asubuhi kwa sababu ameambiwa sukari ya asali haidhuru, mashine itamwambia ukweli kabla ya adhuhuri. Na wale wenye chupa za vitamini za Marekani wasicheke. Mwaka 2019 yalitoka majibu ya utafiti wa watu 2,423 waliokuwa karibu kuingia katika kisukari. Nusu walipewa vitamini D nyingi kila siku, nusu kidonge kitupu. Tofauti ya kutegemewa haikuonekana. Wauzaji wa kanzu na wauzaji wa tai, kwangu mimi ni kundi moja.

Na sasa nije kwenye jambo linaloniuma kama mtu wa Kampala.

Mji huu huu ndio uliowafundisha madaktari wa dunia juu ya chakula na maradhi haya. Hugh Trowell alifanya kazi Mulago na kufundisha Makerere kwa miaka mingi. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika habari za Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, na jambo lenyewe lilikuwa geni kiasi cha kustahili kuandikwa katika jarida la madaktari. Mgonjwa mmoja! Mwaka 1959 Shaper na Jones wakachapisha katika Lancet ulinganisho wa Waafrika na Wahindi wa hapa Uganda. Kwa Waafrika ugonjwa huo ulikuwa karibu haupo, kwa Wahindi ulikuwa balaa kubwa, na jua ni lile lile na mvua ni ile ile. Wao walinyoosha kidole kwenye mafuta na kolesteroli. Trowell, pamoja na Denis Burkitt aliyekuwa daktari wa upasuaji hapo hapo Mulago, baadaye wakasema la, tazameni nyuzinyuzi za chakula ambazo kinu cha kusaga nafaka kinazitoa. Kitabu chao kilitoka 1975. Unaweza kusema walikuwa na wagonjwa vijana wengi mno, au kwamba waliokufa vijijini hawakupimwa, nami nakubali. Hata hivyo mwaka 2019 Lancet ilichapisha muhtasari wa tafiti nyingi, ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, na ukaonyesha kwamba wanaokula nyuzinyuzi gramu 25 hadi 29 kwa siku wanapatwa na kisukari, maradhi ya moyo na kiharusi kwa uchache kuliko wanaokula kidogo.

Bibi zetu hawakujua gramu. Walikula matoke, maharage, dodo, nakati, wimbi na binyebwa, na walitembea hadi shambani na kurudi. Sisi tumebaki na matoke, tena mlima mzima, huku tumekaa ofisini au juu ya boda. Asubuhi rolex ya chapati mbili, saa nne chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari na mandazi, jioni soda. Nenda kwenye walima wowote uone kreti za soda zilivyopangwa, na pilau inavyorudiwa mara tatu, na sahani ya mboga inavyorudi jikoni haijaguswa. Ile hadithi ya theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi tunaisomea watoto madrasa, kisha tunawapeleka walima.

Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2014 ulikuta zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha. Kisukari kilikuwa asilimia 1.4, ni kidogo bado, lakini mijini kilikuwa zaidi ya mara mbili ya vijijini, na karibu nusu ya wenye nacho hawakujijua. Hao wasiojijua ndio samaki wa wenye vipaza sauti.

Kuna atakayesema, mbona hospitali husemi? Nasema. Foleni za alfajiri nazijua, na neno la "dawa zimekwisha, kanunue" nalijua. Nesi humkemea mtu mzima kama mtoto kwa sababu alikula embe. Yule kijana wa ngazini alimwita shangazi "mama", akamkalisha kwenye kiti, akamsikiliza dakika ishirini. Dakika hizo ndizo alizozinunua kwa 150,000. Wenye hospitali wakitaka kujua kwa nini wagonjwa wanawakimbia, waanzie hapo. Lakini upole wa muuzaji haurudishi kidole.

Nataka nini basi? Kwa kamati za misikiti: mnachunguza kila anayepanda mimbari, lakini anayekaa ngazini hamumwulizi kitu. Anayeuza habasoda na auze, ni biashara ya halali. Anayewaambia wagonjwa waache dawa aondolewe, siku hiyo hiyo, bila kuangalia kanzu yake. Mahali pake mkaribisheni nesi na mashine ya kupimia sukari na presha, hata Ijumaa moja kwa mwezi. Madaktari na manesi Waislamu tunao tele mjini hapa, na wengi wanaswali nyuma yenu.

Kwa familia: ambaye bado hajaingia kwenye kisukari lakini yuko mlangoni, ajue kwamba Wamarekani walijaribu jambo hili kwa watu 3,234 na kutoa majibu mwaka 2002. Waliopunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Waliomeza metformini bila hayo, asilimia 31. Na aliyekwisha kuingia, vidonge vyake asivisimamishe ila kwa kauli ya daktari anayempima. Akitaka kuongeza habasoda amwambie daktari huyo, maana pamoja na vidonge sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Shangazi bado anaitumia habasoda yake. Anaisaga mwenyewe, nusu kijiko ndani ya uji wa wimbi usio na sukari, baada ya kumeza metformini, na daktari wake anajua. Yule kijana Ijumaa iliyopita nilimwona amehamia upande wa pili wa ngazi, karibu na mlango wa wanawake. Barua kwa kamati nimeipeleka kwa mkono wangu, wameipokea na kugonga muhuri. Nasubiri jibu.

Wabillahi tawfiq.