Bembea Zikaguliwe

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unatambua kuwa kucheza ni haki ya mtoto. Kwa hiyo kila bembea inayosimamishwa shuleni au katika bustani ya mji ni jambo la kupongezwa. Lakini kusimamisha bembea si kumaliza kazi. Jua huchakaza mbao. Chumvi ya bahari hula minyororo. Kulabu husagika kidogo kidogo. Mchanga wa chini nao husambaa, ikabaki ardhi ngumu, hali majeraha mengi ya viwanja hivyo hutokana na kuanguka.

Wapo wasemao kuwa ajali haina kinga. Usemi huo usifanywe ngao ya uzembe. Kutu huonekana kabla mnyororo haujakatika. Linalotakiwa kwanza ni mtu mmoja aliyekabidhiwa spana na daftari, akague kila wiki, akaze nati, arudishe mchanga, na azuie chombo kibovu kisitumike mpaka kitengenezwe.

Kamati za shule na halmashauri zitimize wajibu huo. Mtoto hajui kukagua kulabu. Yeye huamini tu kwamba mkubwa amekwisha kuikagua.